Mwalimu Aliyegeuza Darasa

Tulimwita Twiga kwa urefu wake, na yeye hakukasirika. Alikuwa akisema heri kuitwa mnyama anayeona mbali kuliko kuitwa Godoro, huku akimtupia jicho mwalimu wa jioni, mwanamume mnene ambaye jina hilo lilikuwa lake halali. Sisi watatu tulifundisha yoga katika ukumbi mmoja ghorofani, juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi.

Twiga alikuwa na vyeti viwili ukutani. Mimi sina hata kimoja. Niliingia pale na ndoo na tambara, mwaka ule mume wangu alipouza nyumba tuliyojenga wote, tena akaiuza nikiwa hospitali namuuguza mama yake mzazi. Nilipiga deki nyuma ya darasa huku nikiiga. Twiga ndiye aliyeniona. Siku moja aliniambia niache tambara nije mbele, niwaonyeshe wanafunzi namna ya kuinama bila kuumiza kiuno, maana aliyepiga deki miaka mingi analijua jambo hilo kuliko kitabu. Waliocheka walicheka. Baadaye nilipewa darasa la wazee la saa nne asubuhi. Bosi, mwenye ukumbi, alikubali shingo upande kwa sababu Twiga alimwambia, "Akiharibu, niulize mimi."

Kwa hiyo simsengenyi. Nasema yaliyotokea.

Wazee wangu sikuwafundisha kwa kulia na kushoto. Mwalimu anawatazama wanafunzi, wao wanamtazama yeye; kulia kwake ni kushoto kwao, na mzee akishachanganyikiwa anaanguka. Basi mimi nilisema mguu wa dirishani na mguu wa mlangoni. Dirisha halihami. Bosi aliyaita hayo mafundisho ya chekechea, lakini wazee walinielewa, na hasa karani mmoja mstaafu, mama aliyefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto. Huyo nilimwambia tangu siku ya kwanza: "Mama, goti lako bovu ni la dirishani. Uzito wote utie la mlangoni." Alilishika neno hilo kama alivyoshika amri za wakubwa wake ofisini miaka thelathini.

Twiga naye alikuwa na siri, na siri hiyo niliijua mimi peke yangu. Mgongo wake ulikuwa umeharibika. Kila asubuhi ilimchukua muda kusimama wima. Alinitania kwamba mwalimu wa yoga mwenye mgongo mbovu ni sawa na fundi viatu anayetembea peku, lakini hakutaka Bosi ajue, kwa kuwa mwaka ule Bosi alikuwa anatafuta mwalimu mkuu. Basi nikamfichia. Katika madarasa yake yeye alisema, mimi niliinama. Wanafunzi walidhani ananipa mazoezi. Bosi alidhani najipendekeza.

Binti yangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, nilimwomba Twiga anishikie wazee wangu siku moja. Tulikuwa ngazini, wawili tu. Nilimweleza maneno yangu ya dirisha na mlango, nikamweleza habari ya goti la karani, kisha nikamwambia: "Dada, wakae wakitazama saa ya ukutani. Usiwageuze." Akanijibu kwamba amesikia, niende nikampokee mjukuu.

Aliwageuza. Aliwaelekeza ukuta wa pili, dirisha lililokuwa kushoto kwao likawa kulia. Kisha akasema yale yale niliyomwachia: uzito mguu wa mlangoni, pigeni goti. Karani akatii. Akalitia goti bovu uzito wake wote, na waliokuwa karibu wanasema walilisikia likilia.

Mjukuu nilimpokea salama. Kesho yake nilikuta kikaratasi cha Bosi mlangoni: darasa la wazee limesimamishwa, kikao Jumatatu. Twiga hakunipigia simu. Nilimpigia mara nne, ikaita hadi ikakata.

Ni mimi na yeye tu tuliojua nilichosema pale ngazini. Akisema nilimwonya, kosa ni lake. Akisema sikumwonya, au akisema hakumbuki, mimi narudi kwenye ndoo, kama nayo nitapewa. Umri wangu si wa kuanza upya. Nilishaanza upya mara moja.

Godoro alinikuta Jumamosi nikikunja mikeka ambayo hakuna aliyeniomba nikunje. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, Twiga si mtu wa kumtupa mwenzake. Nikamwambia mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, hakunitupa, alinisahau tu sebuleni mwa mtu aliyenunua nyumba. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

Jumatatu tulikaa kwenye mikeka kwa sababu ukumbi wetu hauna viti. Bosi peke yake alikuwa na kiti. Binti wa karani alikuja kwa niaba ya mama yake, akasimama mlangoni na viatu vyake, jambo tusiloruhusu, na hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Alisema mama yake hawezi kushuka kitandani bila kushikwa, na kwamba hakuja kugombana, amekuja kujua ni nani aliyemwambia mama yake auegemee mguu ule.

Bosi alinigeukia mimi.

"Mama, mimi nilikuchukua kwa huruma," akasema. "Mwalimu mwenye vyeti amefuata maneno yako ya dirisha na mlango, na haya ndiyo matokeo. Ulimwambia kwamba maneno hayo yana upande?"

"Nilimwambia asiwageuze."

"Alikuambia?" Bosi akamgeukia Twiga.

Twiga alikuwa ameketi ameegemea ukuta, macho kwenye sakafu. Saa ya ukutani ilisikika. Binti wa karani akahamisha uzito kutoka kiatu kimoja hadi kingine. Mimi nilimtazama Twiga kooni, nione kama neno linapanda, sikuona kitu. Nikahesabu pumzi zake kama tunavyowafundisha wanafunzi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwona mume wangu pale ukutani. Naye alikaa hivyo hivyo nilipomuuliza habari ya nyumba.

Ilipofika pumzi ya nne nikasema, "Bosi, muulize habari ya mgongo wake."

Godoro hakuijua siri yenyewe, lakini alisikia namtupa mwenzangu, akainamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Bosi akauliza mgongo gani. Twiga akainua macho, akanitazama mimi, si Bosi, akanitazama kwa muda ambao sitaki kuueleza. Kisha akaongea, taratibu, kwa sauti ile ile ya darasani.

Alisema nilimwonya ngazini, tena kwa maneno ya wazi. Alisema aliwageuza wazee kwa sababu upande ule wa pili una bomba la kushikilia ukutani, na asubuhi ile mgongo haukumruhusu kusimama bila kushika. Alipogeuza alikumbuka onyo langu, akajiambia yeye ni mwalimu mwenye vyeti, maneno ya dirisha na mlango atayapanga kichwani. Akayapanga vibaya. Akasema pia kwamba mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nikiinama badala yake.

Binti wa karani akamwambia, "Asante kwa kusema. Utakuja umwambie mama mwenyewe." Akaondoka.

Bosi alinirudishia darasa siku hiyo hiyo, bila kuniomba radhi. Yeye radhi huomba kwa wenye vyeti. Twiga alisimamishwa mpaka daktari aandike kwamba anafaa. Nafasi ya mwalimu mkuu akapewa mtu wa kutoka ukumbi mwingine. Bosi alitaka pia kutangaza kwamba madarasa ya Twiga yamefungwa, na hapo Godoro akamshangaza. Alimwambia yatafundishwa, yeye atashika ya alfajiri na mimi ya mchana, na wanafunzi wataambiwa mwalimu wao anaumwa na atarudi. Bosi akaniangalia mimi kana kwamba ni mimi niliyepanga. Nikasema ndiyo, ni hivyo.

Alhamisi nilikwenda kwa Twiga. Alifungua mlango akiwa ameshika fremu, akarudi kulala sakafuni, miguu juu ya kochi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alisema amekwenda kwa karani kwa teksi, akaomba msamaha, na mama yule alimsikiliza hadi mwisho akamwambia atafikiri.

Halafu akasema, "Ungengoja kidogo tu. Nilikuwa natafuta pumzi ya kusemea."

Sijui kama ni kweli. Nimeigeuza kauli hiyo kichwani mara nyingi, na kila siku napata jibu jingine. Nilimwambia, "Dada, mimi niliwahi kungoja. Nilingojea mpaka wakaja watu na funguo."

Akafumba macho. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikusema nimemwamini. Nilivua viatu, nikapiga magoti kando yake, nikaingiza viganja vyangu viwili chini ya kiuno chake, pale panapomuuma, nikamwambia aache uzito. Mwanzoni alijikaza. Alikuwa mzito kama mtu asiyetaka kubebwa. Nikamwambia tena aache, na nikabaki hapo mpaka mikono yangu ikafa ganzi.