Siku Nne za Vienna

Kwa miaka thelathini na moja Trevor Hobday aliendesha lori la samaki wa kugandishwa kutoka bandari ya Grimsby, Uingereza, kwenda miji ya Ulaya, na katika miji hiyo yote hakuona kitu ila mageti ya maghala. Milan, Lyon, Munich, Vienna: alifika huko mara nyingi kuliko alivyofika kwa dada yake pale Lincoln. Alishusha mzigo, akalala ndani ya lori kando ya barabara, kisha akageuza. Mkewe Glenda, aliyekuwa mpishi wa shule niliyosoma, aliletewa chokoleti za vituo vya mafuta. Na kila mwaka, siku ya kuadhimisha ndoa yao, Trevor alirudia ahadi ileile: ipo siku nitakupeleka, na safari hiyo tutaingia kwa mlango wa mbele.

Badala yake walikwenda pwani ya karibu, Mablethorpe, kulala kwenye karavani.

Mwaka huu ndoa yao ilitimiza miaka arobaini, na mapafu ya Trevor yalikuwa yamechoka kabisa. Daktari alimwandikia barua kwamba anaweza kupanda ndege hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo, alisema, asingeandika nyingine. Kwa hiyo safari ilikuwa moja tu, na ilipaswa kuwa sasa.

Nyumba yetu na yao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, ndipo Glenda akaniita jikoni kwake, nije na kompyuta yangu, nimsaidie kutafuta mji.

"Venice," alianza Glenda.

"Madaraja," alijibu Trevor. "Na kila daraja lina ngazi. Utanibeba mgongoni?"

"Nimebeba masufuria ya viazi mazito kuliko wewe. Haya, Lisbon."

"Vilima vitupu. Breki zangu zilitoa moshi pale mwaka wa tisini na nne."

"Prague?"

"Vijana wetu wanakwenda huko kuaga ukapera na kutapika kila kona. Si afadhali nikae hapa jirani Cleethorpes Jumamosi jioni?"

"Milan basi."

"Choo cha lile ghala la Milan, Glen, siwezi kukisimulia mbele ya mtoto wa watu."

"Nani kasema tunakwenda kulala ghalani, mwanamume wewe!"

Trevor alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nasi tukasubiri. Glenda alitazama sakafu mpaka kikaisha. Alikuwa amejifunza kutomtazama mumewe wakati huo.

Kisha akatoa bahasha kuukuu aliyokuwa ameandika mambo matatu nyuma yake: pawe tambarare, tramu ipite karibu na hoteli, viti viwe vingi. Nilipomwonyesha Vienna, alisoma sehemu moja mara mbili. Ilisema kwamba katika mikahawa ya kule mtu anaagiza kikombe kimoja cha kahawa na anaweza kukaa nacho mpaka jioni, bila mhudumu kumsogelea kumhimiza aondoke.

"Hakuna wa kukuinua, Trev," alisema. "Unakaa tu. Mimi nakula keki, wewe unapumua."

Trevor alisogeza kiti karibu na kompyuta. "Vienna naijua kwa nyuma. Geti namba sita. Kulikuwa na mlinzi akinipa supu."

"Basi twende tukaione kwa mbele."

Hivyo ndivyo mji ulivyochaguliwa. Siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Kabla ya kulipia niliuliza kuhusu pasipoti, na Glenda akazitoa kwenye kopo la biskuti. Trevor aliifunika yake kwa kiganja.

"Yangu inaisha Oktoba. Tunakwenda Mei. Kuna nini cha kukagua?"

"Mwache aangalie tu, Trev."

"Aangalie nini? Mimi nilikuwa navuka mipaka kabla huyu hajazaliwa. Kazi yako ni keki. Mipaka niachie mimi."

Nami nilimwachia. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile.

Mtaa mzima ulipata habari. Pauline Stead, anayekaa ng'ambo ya barabara na ambaye hapitwi na jambo, aliwaletea kadi yenye mioyo miwili myekundu. "Vienna! Haya, wakubwa! Sisi wengine tutabaki hapa tukiwalindia mapipa ya taka." Trevor aliisimamisha kadi hiyo kwenye rafu juu ya meko ya sebuleni. Aliyekuwa dereva wa samaki sasa alikuwa mtu anayepeleka mkewe Vienna, na alitembea hivyo, japokuwa kila baada ya nyumba mbili alisimama akijifanya anatazama bustani za watu. Mimi niliachiwa ufunguo ili Jumamosi nimwagilie nyanya zao katika kibanda cha kioo nyuma ya nyumba.

Yaliyotokea uwanja wa ndege wa Manchester nilisimuliwa na Glenda baadaye. Msichana wa kaunta aliifungua pasipoti ya Trevor, akaisoma, akaisoma tena, akamwita mwenzake.

"Samahani, baba. Hii ilitolewa miaka kumi na miezi minne iliyopita."

"Inaisha Oktoba. Soma hapo."

"Naona. Zamani ukiwahi kubadilisha pasipoti, miezi iliyobaki ilikuwa inaongezwa kwenye mpya. Lakini tangu tujitoe Umoja wa Ulaya, wenzetu hawaihesabu miezi hiyo. Wanataka iwe haijatimiza miaka kumi tangu itolewe."

"Mimi nimepita Austria mara kumi na nane."

"Sikatai, baba."

"Mara kumi na nane!"

Msichana alimgeukia Glenda kwa sauti ya chini. "Yako ni nzima, mama. Wewe unaweza kwenda." Glenda aliniambia kwamba katika maneno yote ya siku ile, hayo ndiyo yaliyomuumiza zaidi, kwa kuwa yalisemwa kwa huruma.

Pasipoti mpya isingepatikana kabla ya barua ya daktari kufika mwisho wake. Wote wawili walilijua hilo bila kulisema. Walikaa ndani ya gari, wakala mikate aliyoitengeneza Glenda, na Trevor akaomba jambo moja tu: mtaa usijue. Walisubiri giza. Trevor akaliegesha gari mitaa miwili kutoka nyumbani, na ingawa Glenda alimsihi walifikishe mlangoni, alikataa. Mtu asiyeweza kupanda ngazi za jikoni bila kupumzika alitembea mitaa miwili kwenye baridi, mkono mmoja ukishika ukuta.

Ijumaa asubuhi nilidhani nimesikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Nikajiambia kwamba masikio yangu yamezoea tu.

Jumamosi nilipofungua mlango wa nyuma ili nichote maji, mapazia yote yalikuwa yamefungwa na redio imezimwa. Walikuwa mezani gizani. Glenda alikuwa bado amevaa koti la safari. Mbele ya Trevor palikuwa na kikombe kimoja cha chai iliyopoa zamani.

"Funga mlango, mwanangu," alinong'ona Glenda. "Pauline yupo dirishani."

Nilimwona Trevor vizuri macho yangu yalipozoea giza. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Mabega yalipanda na kushuka kama ya mtu anayevuta kamba nzito.

"Anahitaji gari la wagonjwa," nilisema.

"Nimemwambia tangu jana," alisema Glenda.

Trevor aliinua kidole. Alizungumza maneno mawili mawili, akipumzika katikati. "Ndege yetu... inatua kesho... saa tisa mchana. Nitaumwa... kesho."

"Utakufa leo, mpumbavu wewe."

"Mtaa wote... utacheka, Glen. Ni mimi... nitakayechekwa."

Glenda alimtazama kwa muda. Hakutazama sakafu safari hii. Kisha aliinuka, akaenda chumba cha mbele, akayavuta mapazia mpaka mwisho, mwanga wote ukaingia, akapiga simu akiwa amesimama hapohapo dirishani.

Gari la wagonjwa lilipofika, Pauline alikuwa tayari kwenye kizingiti chake, mikono kifuani.

"Glenda! Kumbe mmerudi mapema?"

"Hatukwenda," Glenda alijibu, kwa sauti ya kutosha kusikika mtaa mzima. "Pasipoti ilikataliwa. Tumekuwa tumejificha jikoni."

Trevor alikuwa kwenye machela, barakoa ya hewa usoni. Alifumba macho. Hakuyafumbua mpaka milango ya gari ilipofungwa.

Pauline hakucheka. Alivuka barabara na slipa zake mpaka kwenye gari. Baadaye alipika mchuzi wa nyama, akauacha mlangoni bila kubisha.

Siku mbili hospitalini Trevor hakusema na mkewe. Siku ya tatu alimuuliza ile keki ya Vienna inaitwaje. Glenda hakukumbuka. Alinipigia simu niitafute, nikaitafuta, lakini nilipompigia tena, Trevor alikuwa amelala, na akawa hivyo, nusu usingizini, kwa siku nyingine nane. Alifia kwenye kiti kando ya kitanda, kwa sababu kulala chali kulimkaba.

Nilikwenda kwa Glenda wiki iliyopita kumsaidia kusafisha. Sanduku la safari bado lipo kwenye korido, limefungwa kama siku ile, na karatasi ya jina iliyoandikwa kwa mkono wa Trevor. Glenda anasema ndani mna shati jipya la buluu ambalo bado lina pini za dukani. Nilimuuliza Glenda kama nimfungulie, nipange nguo kabatini.

"Liache," alisema. "Tukilifungua, tutakuwa tumerudi."

Nilifagia korido nikilizunguka.