Zipu ya Isaro

Nani aliyesema watoto wa darasa la kwanza wajifunze majira ya baridi kwa kutoka nje? Clementina angependa kukutana naye, amkabidhi watoto ishirini na makoti yao, kisha yeye akae pembeni anywe chai.

Clementina ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya Kenmore, kaskazini kidogo ya jiji la Buffalo, Marekani. Kwao Bukoba alikuwa karani wa benki, mwenye kucha safi na kiti cha kuzunguka. Akamfuata mumewe Respicius, aliyekuja kusomea shahada ya uzamivu. Shahada hiyo haijaisha mpaka leo, na ukimuuliza Respicius itaisha lini anakwambia "karibu." Basi Clementina anavalisha watoto.

Wiki hiyo ilikuwa wiki ya theluji. Jumatatu walikata karatasi za vinyota vya theluji, na vipande vyake Clementina alivikuta kwenye nywele zake alipofika nyumbani. Jumanne waliyeyusha barafu kwa chumvi, na kuna aliyeila ile chumvi. Jumatano walipaka koni za misonobari siagi ya alizeti ili kulisha ndege. Ndege hawakuja, siagi ikaishia kwenye vitasa vya milango. Na kila siku, kabla ya mapumziko, lile zoezi lenyewe: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, glovu, kwa mpangilio huohuo. Anayetangulia kuvaa glovu hawezi kufunga koti. Anayetangulia buti, suruali haipiti. Ukimmaliza wa mwisho, wa kwanza anataka kukojoa.

Haya yote Clementina aliyavumilia kwa Kiingereza. Alikuwa amejiapiza kutotamka Kiswahili mbele ya mwalimu wa darasa, Bi Nowak, asije akaonekana mtu wa kuokotwa barabarani. Aliteleza mahali pamoja tu, kwa Isaro.

Isaro alikuwa na miaka sita. Wazazi wake ni Wakongo, na walikuwa wamehamia Kenmore kabla ya baridi kuanza, kutoka Newburg, mtaa wenye wahamiaji wengi kule Louisville, baba yake alipopata kazi ya kiwandani. Tangu afike hakuwa ametamka neno darasani. Tena hakuweza kufunga zipu. Wenzake wakitoka, yeye alibaki kwenye benchi la korido, mikono mapajani, koti wazi, akimtazama Clementina. Na huo ndio ulikuwa muda pekee wa Clementina kunywa chai.

"Haya, mguu!" Clementina alifoka kila siku wakibaki wawili, Kiswahili kikimtoka chenyewe. "Si huo, mama wee, ule mwingine! Yaani nimesoma miaka yote ile nije kugombana na zipu? Zipu hii itanitoa roho! Chai nayo ishapoa. Na Respicius ati karibu, karibu, karibu kitu gani?"

Isaro alisikiliza bila kupepesa macho. Zipu ikifika kidevuni, Clementina alinyamaza, akamfungulia mlango.

Alhamisi Bi Nowak alimwita kando. Alisema ana wasiwasi na Isaro. Mtoto hasemi, hajivalishi, labda hawezi kwenda sambamba na wenzake. Kesho darasa lote lingetoka na rula kupima kina cha theluji. Kama hata kesho Isaro angeshindwa kujivalisha, ingebidi mama yake aitwe, wazungumze kumhamishia darasa la watoto wenye mahitaji maalumu.

Clementina alipandwa na hasira. Mtoto yule hakuwa na kasoro, aliliona hilo kwenye macho yake. Lakini angebisha kwa lipi, wakati zipu anamfungia yeye kila siku?

Mchana huohuo alikuwa akitoka kuosha brashi za rangi aliposikia maneno yake mwenyewe yakisemwa koridoni kwa sauti nyembamba.

"Haya, mguu! Si huo, mama wee, ule mwingine!"

Akachungulia. Isaro, koti lake limefungwa hadi kidevuni, alikuwa amepiga goti akimvalisha buti msichana wa Kizungu. Msichana hakuelewa neno, lakini alitoa mguu kwa adabu zote. "Zipu hii itanitoa roho!" Isaro alimwambia, akaipandisha kwa mvuto mmoja.

Msichana akakimbilia nje. Isaro alipogeuka na kumwona Clementina, alishusha zipu yake haraka, akakaa benchini, mikono mapajani.

"Weee! Kumbe unajua?"

"Najua."

"Sasa unanitesa kwa nini? Chai yangu inapoa kila siku ya Mungu!"

Isaro alitazama buti zake. "Ukifungaka zipu, unasemaka. Kule Newburg watu yote walikuwa wanasemaka Kiswahili. Hapa maman iko kazini, kaka anajibu Kiingereza. Na wewe, zipu ikiisha, unanyamaza."

Siku zote hizo Clementina alikuwa akimfokea mtoto, na mtoto alikuwa akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya kwao. Ilimuuma. Na ilimuudhi kwamba imemuuma.

"Kesho utafunga mwenyewe," alisema.

"Nikifunga, utanyamaza?"

Bi Nowak alikuwa anakuja. "Vaa kofia," Clementina akajibu, kwa Kiingereza.

Ijumaa watoto walipanga mstari na rula zao. Bi Nowak alisimama mlangoni, mikono kifuani. Isaro alivaa suruali, akavaa buti, akavaa koti. Hapo akaganda. Alishika zipu, akamtazama Clementina, na darasa zima likawatazama wote wawili.

Clementina alifunga mikono yake nyuma.

"Haya!" alifoka kwa Kiswahili, hadi mtoto mmoja akadondosha rula. "Mnanitazama nini? Theluji yenyewe ya kupimwa ya nini? Kwetu Bukoba mvua inanyesha mwaka mzima na hakuna anayetoka na rula!"

Zipu ikaanza kupanda. Clementina akavuta pumzi, zipu ikasimama.

"Jamani! Mtu ameacha benki! Ameacha kiti cha kuzunguka, ameletwa kwenye barafu na mwanamume wa karibu, karibu!"

Zipu ikafika kidevuni.

"Umemwambia nini?" Bi Nowak aliuliza, macho yamemtoka.

"Afunge koti."

"Yote hayo?"

"Ni lugha ndefu," alisema Clementina.

Bi Nowak alitazama lile koti lililofungwa, akasema hakuna haja tena ya kumwita mama.

Nje upepo ulikata masikio. Clementina, mikono imejaa glovu za watu, alikuwa ametoka na koti lake wazi. Isaro aliichomeka rula yake kwenye theluji, akaiacha hapo, akamjia.

"Mama Clementina, simama muzuri. Si hivi, mama wee! Hii zipu itanitoa roho."

Akaipandisha mpaka mwisho wa urefu wa mikono yake, naye Isaro, zipu ilipoisha, hakunyamaza.