Viluwiluwi Ndani ya Dafu

Juzi asubuhi, mvua ilipokatika, jirani yetu anayeuza vitumbua alimfuata muuza madafu wa mtaani kwetu Kariakoo. Mkononi alishika ganda la dafu lililojaa maji ya mvua.

"Kaka, onja."

Yule kaka akachungulia. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza ndani.

"Dada, hiyo ni kazi ya mvua."

"Mvua haitupi maganda nyuma ya jiko langu. Mwanangu bado amelala na homa ya dengi. Yapasue yote, yasituamishe maji."

Kaka akacheka. Jirani akamgeuzia lile ganda mteja aliyekuwa akinywa dafu pembeni. Mteja akachungulia, akachomoa mrija mdomoni taratibu.

Hapo panga likaanza kazi, na kufikia adhuhuri hapakuwa na ganda lililobaki zima. Tangu masika yaanze tunapuliza dawa vyumbani, lakini mbu wetu wameshindwa na mteja mmoja aliyeghairi kunywa.