Siku Niliyotimiza Thelathini Kibabi

Nilitimiza miaka thelathini nikiwa Kibabi, katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako nilikwenda kutandaza mabomba ya maji kutoka chemchemi hadi vijijini. Mimi ni fundi wa maji, mwenyeji wa Njombe, Tanzania. Baridi ya Masisi haikunisumbua, na viazi vyao, wanavyoviita birayi, vilinifanya nijione sijaenda mbali. Kilichonishinda ni siku yenyewe.

Kila siku yangu ya kuzaliwa mama hunipigia simu kabla sijaamka. Huniimbia mpaka mwisho, hata kama mafua yamemkaba, kisha baba huchukua simu na kuniuliza kama nimekula. Mwaka ule mnara wa simu Kibabi ulikuwa umezimika tangu mwanzo wa wiki. Watu walisema ukipanda kilima cha nyuma ya kanisa unaweza kupata rezo, yaani mtandao kidogo. Nilipanda alfajiri, nikazunguka kule juu nikiwa nimeinua simu, wapi. Nikateremka viatu vimelowa umande na moyo mzito.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa uani akimenya mihogo. Alikuwa mjane, mkulima wa maharagi na mihogo, na mimi nilimwita Mama kama walivyomwita wote. Aliniuliza kama kuna msiba kwetu, maana hajawahi kuniona nikipanda kilima mapema vile. Nikamwambia hapana, leo ni siku niliyozaliwa, nilitaka tu kusikia sauti ya mama yangu. Nilitaka kulisema hilo kwa kucheka, machozi yakanitangulia.

Hakunibembeleza. Alinisogezea kigoda, akanipa kisu nami nimenye. Tulipokuwa tukimenya akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Siku ulizaliwa, mvua ilikuwa inanyesha ao jua? Nani alikukamata wa kwanza?"

Sikujua hali ya hewa wala aliyenipokea. Miaka yote nimekata keki, wala sijawahi kuuliza. Yeye tarehe yake hakuwa nayo, lakini habari zake alizijua zote: alizaliwa shambani, wakati wa kuvuna maharagi, na nyanya yake ndiye aliyemviringisha kwenye kitenge na kumpeleka nyumbani.

Nikaenda kazini. Niliporudi jioni nilikuta bugali mezani, sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, maharagi, na katikati fromaji nzima, jibini ya Masisi, duara na ya manjano. Mama alikuwa ameifuata kwa wafugaji wa kilima cha pili, kwa miguu, kwenda na kurudi. Alikuwa amewaalika pia jirani zake wawili wa kwaya.

"Nasikia kwenu munakataka gato," akaniambia, akimaanisha keki. "Gato hatuna. Kata hii."

Nikaikata. Wale kina mama wakaimba wimbo wa kanisani kwa Kihunde. Maneno sikuyajua, nikapiga makofi tu, na kila nilipokosea mapigo walicheka nami nikacheka.

Walipoondoka nilimshukuru Mama, nikasema sijui nitamlipa nini. Akawa anafuta meza, kisha akaanza kunieleza habari za binti yake, aliyeolewa Ntoto, upande wa Walikale. Tangu harusi hawajaonana, kwa sababu ya ubovu wa njia na ukosefu wa usalama.

"Mutoto wangu iko kule," akasema. "Na kule kuko mama moja mwenye anamuangaliaka. Simujui, hanijui. Mimi naangalia wewe."

Mtandao uliporudi, mama yangu aliniimbia kama kawaida. Alipomaliza nikamuuliza nilivyozaliwa. Akasema ilikuwa mvua kubwa, barabara ya hospitali ilikuwa tope tupu, hivyo nikazaliwa nyumbani, na aliyenipokea ni jirani yetu, mgeni aliyehamia kutoka Songea kumfuata mumewe. Ndiye aliyeniogesha, na ndiye aliyempikia mama uji mpaka alipopata nguvu. Huyo jirani namfahamu sana. Ni yule ninayemwita shangazi, na maisha yangu yote nilidhani ni dada wa baba.

Nilimsimulia Mama mwenye nyumba habari hiyo tukichambua maharagi. Alifurahi kama ameambiwa habari za ndugu yake. Akataka kujua kama shangazi angali hai, ana miguu mizima, ana wajukuu. Halafu akanituma nimsalimie.

Likizo ilipofika, Njombe nilianzia kwa wazazi, kesho yake nikaenda kwa shangazi. Nikamfikishia salamu za Kibabi. Alishangaa kusalimiwa na mtu wa Kongo asiyemjua, akaniwekea chai, akaniuliza wanakula nini huko. Nikakaa naye mpaka jua likatua, na katikati ya mazungumzo nikamshukuru, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akaniuliza namshukuru kwa lipi, kana kwamba kumpokea mtoto wa jirani si jambo la kushukuriwa.