Shangazi Milimita na Nyumba ya Karatasi

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na yeye hakuona ubaya. Alilichukua jina hilo kama sifa, jambo lililowaharibia raha wale waliolitunga.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za sherehe na maboksi ya zawadi, katika chumba kimoja kilichofungukia barazani. Mikasi yake ilining'inia ukutani, kila mmoja kwenye msumari wake, na nyuma ya kila mmoja alikuwa amechora umbo lake kwa penseli, ili mmoja ukitoweka ukuta wenyewe useme. Gundi ilikaa kushoto, vitambaa vya kufutia gundi vikakaa kulia. Katikati ya meza ililala rula ya chuma ambayo hakuna mkono mwingine uliowahi kuinyanyua. Jirani yake wa fotokopi, waliyepakana naye ukuta, aliwahi kuiazima. Aliambiwa alete karatasi yake apigiwe mistari, kisha arudi nayo kwake.

"Jirani, siku ukiolewa," alisema yule bwana, "huyo mume atachorewa umbo lake kitandani."

"Na akilala nje ya mstari nitamwamsha," alijibu Milimita bila kuinua macho.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa mdogo wake, fundi umeme. Mke wa fundi alikuwa amejifungua mapacha, nyumba ikawa vilio na nepi tupu, na likizo ndefu nayo ikaingia. Binti huyo walimwita Karanga, kwa udogo wake na kwa jinsi alivyojifunga: ukitaka kujua kilichomo, umenye polepole. Fundi umeme alimshusha na begi lake, halafu akabaki mlangoni akijikuna shingo.

"Dada, kuna jambo. Mwalimu wake wa chekechea ameniita. Herufi anazijua, ukimwonyesha anataja. Lakini kuandika hataki kabisa. Ukimpa penseli na karatasi, anakurudishia vyote kama vilivyokwenda. Mwalimu anasema shule zikifunguliwa kama bado haandiki, anarudia. Wenzake wanaenda darasa la kwanza, yeye anabaki na wale wa kulialia getini."

Karanga, ambaye watu wazima walidhani hasikii, alitazama viatu vyake.

"Niachie," alisema Milimita. "Ataandika."

"Dada, mtoto si boksi."

"Nimesema niachie. Nimekunja makaratasi magumu kuliko huyu."

Alilisema hilo kwa uhakika mkubwa kuliko aliokuwa nao. Mapacha walipozaliwa alikwenda kuwatazama, akakaa kitini mikono mapajani, na hakuna aliyemkabidhi hata mmoja ampakate. Wifi yake alisema, kwa upole kabisa, "Wasije wakakuchafulia nguo, dada." Milimita alicheka na wengine, lakini njiani akirudi nyumbani hakucheka. Sasa alikuwa amepewa mtoto mzima, mwenye begi na mswaki wake, na hakukusudia kumrudisha akiwa vilevile alivyokuja.

Basi akaingia kazini. Maagizo ya wateja aliyasogeza pembeni, na kwa siku kadhaa meza ile ilitoa vitu ambavyo hata muuza vitabu angevitolea macho. Alitengeneza mamba wa kadi ya kijani, aliyekunjwa kama kinanda cha mkono. Ukimvuta mkia anarefuka, na kwenye kila mkunjo kuna silabi yake. Alitengeneza gurudumu la maneno, duara juu ya duara, ukizungusha la juu linakuundia neno jipya kwenye kitundu. Alitengeneza nyumba yenye ghorofa na madirisha yanayofunguka, na nyuma ya kila dirisha neno moja fupi kwa mwandiko wake wa kadi za harusi. Mwisho alikunja vitabu vidogo vya kuandikia, karatasi moja ikizaa kurasa nane kwa mkato mmoja tu wa katikati, vyenye mistari myembamba iliyopigwa kwa ile rula.

Alipovimaliza vile vitabu alivitazama, akaona jinsi vilivyo vyeupe, na wasiwasi ukamwingia rohoni. Mtoto ana jasho la mikono. Mtoto anakula ndizi. Akavichukua hadi kwa jirani wa fotokopi, mwenye mashine ile ya kufunika vitambulisho kwa nailoni.

"Nifunikie ukurasa kwa ukurasa. Visichafuke."

Jirani alizifunika zote, akalipwa, akakishika kimoja na kukigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akatoa penseli sikioni akajaribu kuandika. Penseli iliteleza kama mtu mwenye ndala kwenye sakafu iliyodekiwa.

"Hongera, jirani," alisema. "Umetengeneza daftari lisiloandikika."

"Lete hapa," alisema Milimita.

"Mimi nasema tu, dunia nzima wewe ni wa kwanza."

Vile vitabu viliwekwa kabatini, nyuma ya kioo, pamoja na mamba, gurudumu na nyumba. Milimita alijiambia kwamba ni kwa muda tu. Kila asubuhi baada ya chai alivitoa, akavipanga mezani na kumwita Karanga avione.

"Huyu ni mamba. Tunamvuta hivi. Subiri. Usiguse, gundi haijakauka vizuri. Umeosha mikono? Nionyeshe. Upande wa pili. Sio hapo, simama hapa. Haya, hili ni neno gani?"

Karanga alisimama mikono nyuma kama mgeni kwenye duka la vyombo, akataja neno kwa sauti ya chini, na kila mara alilitaja sawasawa. Akipewa penseli na karatasi ya kawaida, alivirudisha.

"Kwa nini hutaki, mwanangu?"

"Itakuwa mbaya."

"Basi iandike vizuri."

Jirani wa fotokopi, aliyekuwa akisikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta, alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Somo likiisha, mamba na wenzake walirudi kabatini, na Karanga akaingia mahali pake, chini ya meza ya kukatia. Huko ndiko kapu la vipande lilikokaa: kingo za kadi zilizokatwa, vijiti vya maboksi, karatasi za dhahabu nyembamba kama kucha. Vilikuwa vya kutupwa, kwa hiyo hakuna aliyekatazwa kuvigusa. Milimita alipenda kimya kile cha chini ya meza. Alidhani mtoto analala.

Likizo ikaenda mbio. Milimita alibadili mbinu, akajaribu karatasi ya bluu, akajaribu penseli yenye kifutio cha umbo la samaki. Fundi umeme alipopiga simu kuuliza, alijibiwa, "Tunaendelea," na alimjua dada yake kiasi cha kutouliza zaidi. Lakini siku mdogo wake alipotaja Jumamosi ya kumfuata mtoto, Milimita alikata boksi la mteja nje ya mstari. Jirani, aliyekuja kuazima gundi, alikiona kile kipande kilichopinda na hakutania. Hapo Milimita alijua kwamba mambo yake yameharibika kweli.

"Anarudia, basi," alisema Milimita, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo. "Nimevuruga."

"Ngoja kwanza," alisema jirani. "Gundi iko wapi? Kopo lako kubwa."

Kopo halikuwa mahali pake. Wala mkasi mdogo kabisa haukuwepo. Kwenye ukuta ilibaki picha yake tu. Milimita aliinama, akainua kitambaa cha meza.

Chini ya meza palikuwa na nyumba. Ilikuwa boksi la sabuni lililosimamishwa wima na kubandikwa vipande vya kila rangi, na gundi ilikuwa imetiririka ukutani kama mvua. Ilikuwa na madirisha mengi, makubwa na madogo, yaliyokatwa na mtu asiyejua kama kuna kitu kinaitwa rula. Hakuna dirisha lililolingana na mwenzake. Kando yake, Karanga aliketi na gundi mpaka kwenye nyusi.

Mkono wa Milimita ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda wa daktari kwenye kidonda. Paa lilikuwa limeinama. Alitaka tu kulisukuma kidogo, likae sawa.

"Shangazi," alisema Karanga. "Soma."

Mbele ya nyumba alikuwa amesimamisha kibao cha kadi nyeupe. Herufi zilipanda mlima na kushuka, mbili zikiwa zimegeukia upande usio wao, lakini zilisomeka hata kwa aliyesimama mlangoni: USIGUSE.

Mkono wa Milimita ulibaki hewani, kama wa mtu aliyekamatwa na askari.

"Nani ameandika hii?" alinong'ona.

"Mimi. Gundi haijakauka vizuri."

Jirani wa fotokopi aligeuka akautazama ukuta, mabega yakimtikisika.

"Naweza kuangalia madirisha?" aliuliza Milimita.

"Umeosha mikono?"

Alikwenda akaosha. Alirudi akaionyesha, na alipoambiwa upande wa pili, akaonyesha upande wa pili. Ndipo alipopiga magoti sakafuni, jambo ambalo gauni lake la kazi halikulizoea, akaruhusiwa kufungua dirisha moja moja kwa ncha ya kidole. Nyuma ya la kwanza paliandikwa SUBIRI. Nyuma ya la pili, SIO HAPO. Halafu NYOOSHA. Halafu POLEPOLE. Halafu TENA, likiwa kubwa mpaka limetoka nje ya dirisha na kuendelea ukutani. Milimita alisoma yote kwa sauti, na kila alilosoma alilisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe, la jana na la juzi.

"Maneno yote haya umeyatoa wapi?"

Karanga alimshangaa. "Kwako. Herufi nikaziangalia kabatini."

"Na hapa hukuogopa kwamba itakuwa mbaya?"

"Hivi ni vya kutupwa," alisema Karanga.

Dirisha la juu kabisa, chini ya paa lililoinama, lilikuwa tupu.

"Na hili?"

"Hilo bado. Hujasema."

"Sijasema nini?"

"Neno lingine."

Milimita alinyanyuka na magoti yake yakalia. Tatizo la kuandika lilikuwa limeisha, na alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi, lakini lile dirisha lilimkalia rohoni. Siku zilizobaki alihangaika nalo kama agizo la mteja mkubwa. Alipokuwa akikata, alijaribu.

"Karanga, malaika wangu."

Kutoka chini ya meza: "Hilo umelitoa kwenye kadi."

"Tunu ya moyo wangu."

"Hilo pia. Ya wale maharusi wa juzi."

"Hongera kwa mafanikio," alipaza sauti jirani kupitia ukutani. "Jaribu hilo!"

"Wewe toa fotokopi zako!"

Jumamosi fundi umeme alifika, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, na begi la zana begani. Alimkuta binti yake amekaa juu ya begi lake, nguo zimekunjwa kwa namna ambayo mtu angejua zimekunjwa na nani. Juu ya meza, katikati kabisa, mahali pa rula, palisimama nyumba ya boksi la sabuni.

"Hiki nini tena?" Alinyoosha mkono aikamate.

"Baba! Kwani hujui kusoma?"

Alisimama akasoma kile kibao. Akakisoma tena, midomo ikimcheza. Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa akifuta kitu ambacho hakikuwa kichafu.

"Ameandika mwenyewe?"

"Muulize mwenyewe. Nami sikuruhusiwa kushika."

Fundi umeme aliketi kwenye kiti cha wateja, akafunguliwa madirisha moja baada ya jingine, na kwa kila neno alimwangalia dada yake akacheka zaidi, mpaka ikabidi ajipanguse macho kwa kiwiko cha mkono. "NYOOSHA! Dada, hili uliniambia mimi tangu nikiwa sijaota meno! Mwalimu lazima aione hii."

Alisema ataibeba ndani ya begi la zana. Milimita alikataa kabla hajamaliza. Itapondeka. Itahitaji boksi. Akageuka achukue kadi ngumu, akanyanyua rula ya chuma apime, na akamkuta Karanga amesimama pembeni yake, mikono nyuma, kama siku zote, akiangalia mahali rula itakapokwenda.

Milimita aliishika rula hewani kidogo. Aliitazama, akamtazama mtoto, mwenye gundi iliyokauka bado kwenye nyusi. Hakumwuliza kama ameosha mikono.

"Shika," alisema.

Ukutani upande wa pili, mashine ya fotokopi ilinyamaza.

Karanga hakuipokea. Aliitazama rula, akamtazama shangazi yake usoni kuhakikisha, akalitupia jicho dirisha la juu lililokuwa bado tupu, kisha akazama chini ya meza kutafuta penseli.

"Subiri," alisema kutoka huko. "Naandika kwanza."

Milimita akasubiri, rula mkononi, mkono umenyooka.