Wifi Mwenye Kasi

Pale barabara inapoanza, kampuni iliyonunua nyumba zote ilisimamisha bango: MTAA WA FAMILIA. TAMADUNI NYINGI, MOYO MMOJA. Huo moyo mmoja haukuwahi kuonekana, lakini bomba moja la maji lilikuwapo, na kila asubuhi tamaduni zote zilipigana vikumbo hapo na ndoo zao.

Wakazi walikuwa wamehamia kutoka kila upande wa dunia. Nyumbani kila mmoja aligombana kwa lugha ya mama yake. Nje waligombana kwa Kiswahili, maana matusi yasiyoeleweka ni hasara tupu. Kiswahili chenyewe walikipunguza kama suruali ya kurithi: kila kilichozidi kikakatwa. Ngeli ndizo zilizotangulia kufa, zikazikwa bila kuombolezwa. Mtoto ililia, kiti alivunjika, na hakuna aliyeshtuka ila Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mshona sare za shule, na cherehani chake kilikaa barazani kikitazama barabara. Alijua upana wa kila kiuno mtaani na akaufunga mdomo, adabu ambayo haikuandikwa kwenye bango. Mzazi akidai mwanawe harefuki tena, Fundi aliitikia, kisha akaacha pindo nene kwa ndani. Muhula haukuisha kabla mzazi hajarudi kuomba pindo lifumuliwe.

Mtoto wake mwenyewe hakujaliwa. Mume alikuwa naye, fundi viatu aliyepiga mluzi akifanya kazi, hadi homa moja fupi ilipouzima mluzi. Baada ya mazishi, watu walingoja wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, afungashe vyake arudi kwao. Wifi akasema anangoja mvua ikate. Mvua ikakata, ikarudi, ikakata miaka na miaka, naye hakuchungulia hata dirishani. Baadaye hata angechungulia asingeona kitu, kwa kuwa ukungu ulikuwa umemwingia machoni. Nyumba ile tu ndiyo aliyobaki akiiona, kwa viganja: ufa wa ukutani, msumari wa taulo, kizingiti kilicholika katikati. Umtoe humo, ndipo atakuwa kipofu.

Sasa kampuni, kwa upendo wake mkubwa wa familia, ikatangaza kwamba watakaoongezewa mkataba ni familia tu, tena zenye maisha ya kisasa. Wengine wangepewa muda wa kufungasha na salamu za heri. Akatumwa mtu wa kuzipima nyumba. Mtaa ukamwita Bwana Takwimu. Alikuwa mzaliwa wa palepale, Kiswahili alikiokota bombani kama wenzake, ila yeye alikivalisha tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti, ila usiegemee."

Bwana Takwimu akaketi kwa tahadhari, akatoa simu, akaanza kusoma maswali.

"Choo ya ndani?"

"Kipo."

"Jiko ya gesi?"

"Lipo."

Kila jibu Fundi alilirudisha na ngeli yake, kama mtu anayemfunga mgeni kifungo kilichofunguka. Mgeni hakuhisi kitu.

"Una wifi?"

"Ninaye."

"Yuko na kasi?"

"Ya mdomo? Hashikiki."

"Kasi nzuri," Bwana Takwimu akabonyeza. "Anafika vyumba zote?"

"Hata asikohitajika. Anapapasa ukuta, mara yuko mgongoni kwako."

"Kwenye mvua je?"

"Mvua ndiyo usiseme. Kwa sababu ya mvua haondoki kabisa."

"Huwa anakatika?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Siku hizi magoti yanamsumbua. Lakini harusi ya hapo jirani, mwanangu, alikatika mpaka bibi harusi akasahauliwa."

"Watu wengi kwa mara moja, lazima akatike," Bwana Takwimu akasema kitaalamu. "Na neno la siri mmeweka?"

"Siri? Yule? Mwambie jambo sasa hivi, jioni utalikuta bombani."

"Mama, hiyo ni hatari. Majirani watamtumia bure."

"Wanamtumia. Kutwa wanamwachia watoto wao."

Kutoka ndani ikasikika sauti kabla ya mwenye sauti: "Nani huyo asiye na siri? Wifi, yale ya uji ulioungua wiki nzima nimeyasema wapi?"

Mkono ukashika fremu ya mlango, kisha akatokea mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, uso umeinuliwa kuelekea sauti ya mgeni.

"Wifi ndiye huyu," Fundi akasema.

Bwana Takwimu akamtazama bibi, akatazama simu, akamtazama bibi tena. Jasho likamtoka. "Mimi naulizia wifi ya intaneti."

"Wa kunasa hewani?" Wifi akauliza. "Mimi nilinaswa hapa hapa."

Mawifi wakacheka wote wawili, lakini Bwana Takwimu alikuwa anafuta majibu. Kila alipofuta, alama zikashuka, na zilipoisha akaweka simu gotini. "Mama, samahani. Bila ile intaneti maisha si ya kisasa. Na familia hakuna. Wifi ni wa mume, na mume alishafariki."

"Alinifia mimi," Fundi akasema, na sauti yake haikuwa ya barazani tena. "Huyu hakunifia. Nani aliyekwambia maiti huenda na dada zake?"

Wifi aliuliza taratibu, "Wifi, wanatutoa?" Kiganja chake kilikuwa kimerudi ukutani, kimetulia juu ya ufa.

Bwana Takwimu akaichukua simu tena. Akasema, "Hapa naruhusiwa kuandika mume, mke, mtoto, mzazi. Basi. Wifi haipo."

"Basi niandike mume," Wifi akasema.

"Bibi, mume ni mwanamume."

"Usinifundishe. Tangu kaka yangu afe, nani anakoroma humu ndani? Nani analalamikia chumvi? Nani anauliza umetoka wapi, umechelewa kwa nani? Mwulize huyo."

"Ni kweli," Fundi akasema. "Tena anakoroma kumshinda marehemu."

Bwana Takwimu akatazama barabara kulia, akatazama kushoto, akamtazama bibi aliyeuegemea ukuta, kisha kidole kikashuka: akamwandika mume, na majibu ya wifi aliyoyafuta akayarudisha yote. "Inauliza kazi ya mume."

"Hana kazi. Anakaa tu barazani akiongea," Fundi akasema.

"Huyo ni mume wa mtaa huu haswa," Bwana Takwimu akasema, akabonyeza. Simu ikalia kwa furaha: familia kamili, mkataba unaendelea.

Kwenye taarifa ya kampuni mtaa ukasifiwa kwa waume wanaopenda kushinda nyumbani. Akina mama waliisoma wakitafuta waume hao ni wa nyumba zipi. Siku ile lakini, Bwana Takwimu alipokwisha kushika njia, Wifi aliuachia ukuta, akapapasa mpaka kwenye kiti, akaketi bila kuegemea.

"Haya, mke wangu," akasema. "Mumeo ana njaa, na leo uji usiungue."

Fundi aliinuka, akampita akimgusa bega, akaenda kuwasha jiko.