Mama Alipoitwa Shahidi

Harufu ya ubani ilinikuta Parklands juzi, ikitoka hekalu la Wahindi, nikarudi ghafla Uthiru, kwenye benchi la darasa la katekisimu. Kanisani kwetu ubani ulifukizwa sikukuu za mashahidi, na Mwalimu Respa alitusimulia walivyouawa kwa mikuki na moto bila kuikana imani yao. Nilikuwa na miaka minane. Kwangu shahidi alikuwa mtu aliyekufa, basi.

Wiki hiyohiyo mama akaitwa shahidi.

Jirani yetu Musyoka, fundi wa viatu, alikuwa amepigwa na mwenye nyumba wetu hadi akavunjika mkono, kisha yeye mwenyewe akashtakiwa kwamba ndiye aliyeanza fujo. Wapangaji wote wa ploti walikuwa uani siku hiyo, watu wakianika nguo. Walipoulizwa, kila mmoja alisema hakuona kitu. Mama peke yake alisema aliona.

Asubuhi ya kwenda kortini alifunga kitambaa chake cha kanisani. Nikamshika sketi.

"Mama, usiende. Watakuua."

"Nani amekudanganya?"

"Mwalimu Respa amesema mashahidi wanachomwa."

Alicheka mpaka akaketi kitandani. "Shahidi ni mtu ameona kitu, akaulizwa, akasema. Ni hiyo tu. Kunywa chai."

Sikuinywa. Nilikaa mlangoni mpaka jioni, nikamwona akija na Musyoka, ambaye alikuwa ameachiliwa huru. Mama alikuwa akilalamika kwamba viatu vinambana. Nilimkumbatia nikanusa sketi yake, kuhakikisha haina moshi.

Hakuna aliyemchoma. Lakini majirani waliacha kumsalimia, wateja wa sambusa zake wakapungua mmoja mmoja, na kabla ya mwezi kuisha mwenye nyumba akatufukuza. Tulihamia mtaa wa Satellite, ambako mama alianza upya kati ya watu wasiomjua.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama aliogopa siku ile.

"Sana," alisema, akiendelea kuchambua sukuma wiki. "Nilishikilia ile mbao ya mbele ya kizimba mpaka nikamaliza kusema."

Mwalimu Respa alitufundisha vizuri jinsi mashahidi walivyokufa. Kilichonichukua miaka kuelewa ni kwamba kabla ya moto waliulizwa swali, nao walilijua jibu ambalo lingewarudisha nyumbani.